Mume yuko vitani na nyumbani mambo hayako sawa: nimwambie au ninyamaze?

Swali

Asalaam aleikum bibi. Mimi ni mama wa watoto wawili, nakaa mtaa wa Langoni hapa Amu, yaani Lamu mjini. Mume wangu ni mwanajeshi wa KDF, jeshi la Kenya, yuko Somalia tangu mwaka jana, na amebakiza kama miezi mitano hivi arudi, inshallah. Mtoto wetu wa kwanza ni mvulana wa miaka tisa. Tangu babake aondoke ameanza tena kukojoa kitandani, jambo aliloliacha zamani, na mwalimu ameniita mara mbili kwa sababu ya kupigana. Halafu masika iliyopita paa la chumba cha nyuma liliporomoka, nikakopa shilingi 40,000 kwenye chama bila yeye kujua. Akipiga simu namwambia kila kitu kiko sawa. Mavyaa wangu ananisisitiza ninyamaze. Anasema mwanamume aliye vitani akitiwa wasiwasi anaweza kupoteza maisha, na kwamba marehemu mumewe alikuwa baharia na hakuwahi kumsumbua kwa mambo ya nyumba. Lakini moyo unaniuma, na usiku ni mrefu. Nimwambie, au ningoje arudi?

Jibu

Waaleikum salaam, mwanangu. Mwambie, na usingoje arudi. Ila kuna namna ya kumwambia na kuna wakati wake, na hapo ndipo mavyaa wako ana haki ambayo sitaki uipuuze.

Nianze na yeye. Mama huyu hasemi upuzi. Askari akiwa doria na akili yake iko Langoni, anaweza asione kitu kilichofukiwa barabarani. Mabomu ya kutegwa njiani yameua askari Somalia na yameua hata huku kwetu upande wa msitu wa Boni. Hofu yake ni ya mzazi anayejua mwanawe amekwenda wapi. Lakini mfano wake wa baharia haukufai. Zama za majahazi, mwanamume akiondoka na kusi kwenda Arabuni, mkewe hakuwa na njia ya kumwambia lolote mpaka kaskazi imrudishe. Alinyamaza kwa kuwa hakuna aliyeweza kuvuka bahari na maneno yake. Naye baharia alipokuwa akikaribia nyumbani alijua fika kwamba atakuta mambo: kuna aliyezaliwa, kuna aliyekufa, kuna ukuta ulioanguka. Hakuna aliyemdanganya. Wewe mumeo anakupigia, anauliza, "Watoto hawajambo?" nawe unajibu, "Hawajambo kabisa." Kila wiki anapokea jambo ambalo siku moja atajua halikuwa kweli.

Nimekaa na wake wa askari, na askari wenyewe waliorudi, kiasi cha kujua kinachofuata. Kuna familia moja ya visiwani, nabadilisha mambo kidogo wasitambulike. Baba mzazi wa askari alifariki mwanawe akiwa huko. Jamaa wakakubaliana wasimwambie, na kila akimuulizia mzee aliambiwa amelala, au ametoka kwenda msikitini. Akarudi likizo amemnunulia babake kanzu na bakora. Wakampeleka makaburini. Mkewe aliniambia hakupiga kelele wala hakulia. Alisimama na ile kanzu mkononi ikiwa bado kwenye mfuko wake wa plastiki, akauliza, "Siku ile ya Ijumaa nilipozungumza nawe, alikuwa hai?" Kisha akaanza kuzipitia simu moja moja. Na ile ya Ramadhani? Na ile ya mtoto alipokuwa na homa, homa yenyewe ilikuwa kweli? Aliendelea na hesabu hiyo kwa miezi. Msiba aliupokea kama Mwislamu anavyoupokea. Kilichomshinda ni kwamba hakujua tena ni lini mkewe alikuwa akimwambia ukweli na ni lini alikuwa akimtuliza.

Tena usidhani mumeo hasikii. Mtu aliyekaa nawe miaka kumi anaijua sauti yako. "Kila kitu sawa" inayotolewa haraka haraka, kabla hata hajamaliza swali, inamwambia kuna jambo, na kwa vile hajui ni jambo gani, usiku atalitunga mwenyewe. Atakalolitunga litakuwa kubwa kuliko paa. Na Amu ni mji wa vichochoro, mwanangu. Mwalimu anajua, wanachama wanajua, fundi aliyepanda juu ya nyumba anajua. Siku moja rafiki yake wa utotoni atamwandikia "pole kwa paa," akidhani ni habari ya zamani. Hapo wasiwasi mavyaa anaouogopa utamfika mumeo pale pale alipo, tena umechanganyika na hasira, na wewe hutakuwepo kumweleza.

Jambo hili ni la zamani kuliko KDF. Katika Vita vya Pili vya Dunia vijana wa Afrika Mashariki walipelekwa na King's African Rifles, jeshi la mkoloni Mwingereza, mpaka Burma, na mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikuwa ikipita bonde la Kabaw kwenye mvua, matope na malaria. Barua zao zilisomwa na wakaguzi wa jeshi kabla ya kutumwa, na maneno yaliyorudi tena na tena yalikuwa ya nyumbani. Fedha niliyoagiza ikatwe kwenye mshahara imemfikia mke wangu? Nani anaangalia shamba? Mbona barua haiji? Wengi hawakujua kuandika, wakategemea mtu wa kuwaandikia huku na mwingine wa kusoma kule, na barua moja iliweza kukaa njiani kwa muda mrefu. Katika kimya hicho kila mtu alijaza lake. Mumeo ana bahati ambayo babu hao hawakuwa nayo, usimnyang'anye.

Sasa namna ya kumwambia. Kosa la kwanza ni kulitoa jambo katikati ya simu ya dakika tano, mtandao unakatika, wenzake wanangoja zamu ya kupiga, naye baada ya hapo anapanda lindo. Mwache achague saa. Mtumie ujumbe mfupi kama huu: "Nina maneno ya nyumbani. Si msiba na hakuna aliyelazwa. Ukiwa umepumzika na huna zamu, nipigie tuzungumze." Hayo maneno ya "si msiba" usiyaache hata kidogo. Mke akiandika "nina neno nataka kukwambia" kisha akanyamaza, amemtesa mtu kutwa nzima. Kama simu zenu ni za shida, rekodi sauti umtumie aisikilize kwa nafasi yake, lakini irekodi ukiwa umetulia. Ukilia katikati, ifute uanze tena. Sauti hiyo ataisikiliza zaidi ya mara moja, tena usiku, peke yake.

Akipiga, anza na hali za watu, halafu jambo lenyewe bila kuzunguka, halafu ulichokwisha kufanya, na mwisho unachokitaka kwake. Hili la mwisho ndilo wanawake wengi wanalisahau, na mimi naliona ndilo kubwa. Askari akipewa tatizo bila kazi, anabaki nalo kifuani. Amefundishwa kutenda, ukimwambia mtoto anapigana shuleni ukaishia hapo, atajiona baba asiye na faida. Ukimwambia, "Mwalimu wake ni mtu mwema, nimemwomba ruhusa umpigie, namba yake ni hii," umempa mahali pa kusimama katika nyumba yake mwenyewe. Hata kama kazi ni ndogo, iwe ya kweli. Na iwe inawezekana kufanywa kwa simu, usimwombe lile linalohitaji awepo.

Si kila kitu kinasemwa, na hapo nakubaliana na mavyaa. Umegombana na jirani kuhusu maji, mtoto ameanguka akachubuka goti, shemeji kakutupia neno: mambo yatakayokwisha kabla jua halijatua yaache yaishe. Kipimo ninachowapa wake wa askari ni hiki: je, akirudi atalikuta? Paa atalikuta, deni atalikuta, mtoto aliyebadilika atamkuta. Na ikitokea, Mungu aepushe, kifo au ugonjwa mzito katika familia, usimwambie wewe moja kwa moja kwa simu ya usiku. Pitia kikosini kwake. Jeshi lina maofisa wa kushughulikia mambo ya familia, na lina maimamu na makasisi wake. Watahakikisha kuna mtu kando yake anapopokea habari, na bunduki haiko mkononi. Kama huna namba ya kikosi chake cha huku Kenya, muulize katika simu hii hii ijayo.

Deni lako lisikutie haya. Paa limeanguka, mvua inanyesha, watoto wako ndani, ungefanya nini? Lakini utakapolisema, litaje lote kwa mara moja: umekopa 40,000, umelipa kiasi gani, kimebaki kiasi gani, unalipa vipi. Nimeona ndoa zikiyumba kwa deni la elfu kumi lililotolewa vipande vipande, leo elfu tatu, mwezi ujao "kuna nyingine kidogo." Mtu hukasirikia kipande cha pili kuliko cha kwanza. Kisha kubalianeni kiwango. Chini ya kiasi fulani unaamua peke yako na unamweleza baadaye. Juu yake mnashauriana. Na dharura ya hospitali au nyumba kubomoka haingoji simu. Muafaka huo ungekuwepo kabla hajaondoka usingelala na siri hii. Haujachelewa.

Sasa mwanao, ambaye kwa kweli ndiye aliyenifanya nikujibu kwa urefu. Mtoto aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani akaanza tena, kwanza apimwe. Inaweza kuwa maambukizi ya mkojo, inaweza kuwa sukari, inaweza hata kuwa kufunga choo. Mpeleke hospitali ya King Fahd wampime mkojo, kipimo chenyewe ni chepesi. Wakikuta hana ugonjwa, basi huenda mwili wake unasema lile ambalo mdomo umekatazwa kusema. Na nyumbani kwenu, mwanangu, umekatazwa: mama anasema baba yuko sawa, bibi anasema usiulize, na yeye anaona uso wako ukibadilika kila taarifa ya habari inapotaja Somalia. Mtoto wa Nakuru anaweza kuambiwa baba yuko kazini mbali akaridhika. Mtoto wa Lamu haridhiki. Amekulia katika kaunti iliyoshuhudia mauaji ya Mpeketoni Juni 2014, na kambi ya Manda Bay ilishambuliwa Januari 2020 yeye akiwa mdogo. Vita anavijua kwa masikio, anasikia wakubwa barazani. Mwambie kweli ya kiasi chake: "Baba yuko kazi ya hatari. Yuko na wenzake, wamefundishwa, wana silaha na wana daktari. Mimi pia huwa namuogopea, na nikiogopa namuombea. Wewe ukiogopa njoo uniambie, hata usiku." Usimuahidi tarehe ya kurudi. Zamu husogezwa, na mtoto aliyehesabu siku akakosa hataamini ahadi ya pili.

Asipigwe wala kutahayarishwa kwa godoro. Watoto wa kiume wa umri huo wanaona aibu mpaka tumboni. Mtandikie plastiki chini ya shuka, mwonyeshe mahali pa kuweka shuka chafu asubuhi bila maswali, apunguze kunywa sana baada ya Isha, na nduguye asijue. Ngumi za shuleni nazo usizichukulie kama utovu wa adabu peke yake. Mwambie mwalimu babake yuko wapi, kama hajui. Waalimu wetu wengi hawajui, kwa sababu familia za askari huficha, na kwa haki. Mwombe aliweke kwake. Ustadhi wa madrasa pia ni mtu wa kumwegemea. Na kama ana ami au mjomba mwenye subira, amchukue Ijumaa kwenda naye msikitini, au wakavue samaki gatini. Asimwambie kwamba sasa yeye ndiye mwanamume wa nyumba. Maneno hayo watu huyasema kwa nia njema, lakini mtoto wa miaka tisa huyabeba kama amri.

Hapa babake anaingia. Mwache mtoto amrekodie sura aliyoihifadhi wiki hiyo, au habari ya mpira, amtumie yeye mwenyewe. Baba naye ajibu kwa sauti yake amwite jina. Suala la kukojoa mwambie mumeo, lakini mweleze asilitaje kwa mtoto, wala kwa mzaha. Mtoto akijua siri yake imevuka mpaka imefika jeshini hatakuamini tena.

Uliandika "usiku ni mrefu" ukapita haraka, nadhani kwa kuona haya. Mimi sitapita. Unaijua riwaya mashuhuri ya Sayyidna Umar, Mungu amuwie radhi. Alikuwa akizunguka Madina usiku akamsikia mwanamke akiimba mashairi ya upweke, mumewe yuko jihadini. Umar hakumgombeza. Alikwenda kumuuliza binti yake Hafsa, mwanamke anaweza kuvumilia muda gani bila mumewe. Riwaya nyingine zinasema alimjibu miezi minne, nyingine sita, naye akaamuru wapiganaji wasizuiliwe zaidi ya hapo. Khalifa mwenyewe, katikati ya vita, aliuona upweke wa mke wa askari kuwa jambo la dola. Basi wewe usiulaumu moyo wako. Mwambie mumeo umemkosa, kwa maneno yenu wenyewe mnayoyajua. Askari wengi wameniambia neno hilo liliwatia nguvu kuliko taarifa zote za nyumba, kwa sababu hofu yao ambayo hawaitamki ni kwamba nyumba imezoea kutokuwepo kwao.

Wakati huo huo jizungushie watu. Jamaa zako, wanawake wa chama, dada yako aje alale kwako siku za shida. Pale unapoona usingizi umekukimbia kwa wiki nyingi, chakula hakiliki, au unawaza mambo ya kutisha, piga 1199, laini ya bure ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, uzungumze na mshauri. Hapo hatuna haja ya kungoja mtu azidiwe.

Mambo machache ya usalama, kwa haraka kwa kuwa naamini mengi unayajua. Usimuulize yuko sehemu gani wala wanaelekea wapi. Siku ya kurudi kwake usiiandike popote, hata kwenye kundi la WhatsApp la ukoo. Barabara ya Garsen kuja Lamu imeshashambuliwa, na waliokuwa wakitafutwa garini walikuwemo maaskari. Siku kukiwa na habari ya shambulio, weka simu mbali na picha. Kambi ya KDF ya El Adde huko Somalia iliposhambuliwa tarehe 15 Januari 2016, picha za waliouawa zilisambazwa mitandaoni, familia zikawa zinatafuta nyuso za watu wao kwenye simu. Hakuna mke anayestahili kupata habari namna hiyo. Chagua mtu mmoja, kaka yako au shemeji, ndiye awe anawasiliana na kikosi, nawe usipokee habari kwa mwingine. Na namba usiyoijua ikikupigia kwamba mumeo ameumia utume pesa, kata.

Makaratasi pia. Jeshi linakujua kupitia karatasi. Kama mlifunga nikaha bila cheti, ulizeni kwa Kadhi utaratibu wa kuiandikisha. Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka ndoa zote ziandikishwe, zetu zikiwemo. Hakikisha jina lako kwenye cheti, kwenye kitambulisho na kwenye fomu za mumeo ni lile lile herufi kwa herufi.

Ama atakaporudi, hiyo ni barua nyingine, lakini nikudokezee. Siku za mwanzo atakuwa kama mgeni, na wewe umezoea kuamua. Atalala kwa mang'amung'amu. Fataki za harusi zinaweza kumtoa kitandani, na Maulidi watu wakijaa mjini huenda akataka kubaki ndani. Mwache azoee. Usimkabidhi mambo yote ya nyumba siku ya kwanza, wala usimwekee jamaa hamsini sebuleni kabla hajalala. Ikipita miezi bado hasemi, anakunywa, au anawapiga watoto, hilo linahitaji daktari, na kutafuta daktari hakumpunguzii ushujaa wowote.

Kwa sasa anza na mavyaa wako, kabla hujatuma ule ujumbe. Kaa naye, mweleze umeamua nini na utasema vipi, na kwamba hutamwambia mwanawe akiwa lindoni. Pengine atakasirika siku mbili. Lakini akisikia kwa mwanawe kwamba umeshasema, atakuwa na haki ya kuuliza mbona ulimficha.